Mbwa Niliyemfungua

Mwanangu Manka,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Umelala chumba cha pili, na sasa hivi nimekusikia ukikohoa kwa vumbi la lile begi la mjomba wako. Kwa hiyo niseme moja kwa moja kabla moyo haujanirudi nyuma. Mbwa wetu, Watasema, hakwenda shamba la chini na baba Elisante. Nilikudanganya. Watasema amekufa leo mchana, ulipokuwa kanisani ukiagana na wenzako wa kwaya. Amekufa kwa nyama yenye sumu aliyoila barabarani, na aliila kwa sababu mimi sikufanya jambo ambalo lilikuwa langu kulifanya.

Uliponiuliza wakati wa chakula, "Baba, mbona Watasema simwoni?" mama yako aliweka mwiko chini akatoka nje. Ulidhani amekwenda kuwatazama ng'ombe. Alikuwa amekwisha kunikatalia kunisaidia uongo. "Mwambie wewe," aliniambia kabla hujarudi. "Mdomo ulioahidi ni wako." Nami nilikuwa nimejiandaa kukwambia, nakuapia. Lakini nikaiona sahani yako ya kiburu, ndizi na maharage alivyokupikia mama yako vya kukuaga, nikaona ulivyokuwa unacheka, nikaogopa. Nikasema lililonijia kwanza mdomoni.

Mambo ya safari sikuandikii. Mama yako amekwisha kukueleza ukae upande gani wa basi, usipokee chakula cha mtu usiyemjua, na ukifika Morogoro upige simu kabla hujafungua begi. Ameyarudia mpaka ng'ombe wanayajua. Mimi nina habari za mbwa huyu tu, na ndani yake yamo mengi yangu ambayo sikuwahi kukaa chini nikayatazama.

Alikuja kwetu ulipokuwa darasa la tano. Nilimtoa Kilema, kwa rafiki yangu niliyekuwa nabeba naye mizigo ya watalii mlimani, nikamleta ndani ya koti, mvua inanyesha, na akanikojolea mpaka kwenye shati. Jina nilimpa kwa hasira. Mwaka ule mimi na baba yako mdogo tulikuwa tumegombana juu ya zamu ya maji ya mfereji, na kila nilikopita nilisikia nimesemwa. Nikaona sawa, mbwa ataitwa Watasema, ili nikimwita jioni sauti ivuke migomba iwafikie. Ugomvi ukaisha, tukanywa mbege pamoja, jina likabaki. Mbwa wa watu akabeba maisha yake yote maneno ambayo hayakumhusu.

Nikamlea kama nilivyomwona babu yako akilea mbwa. Mchana afungwe mahali asipoona watu, maana mbwa akizoea watu hafai. Chakula apewe na mkono mmoja tu. Ugali wake utiwe pilipili. Na wazee walisema mbwa akilishwa nyigu pamoja na kiota chao atakuwa mkali kama wao. Nilimlisha nyigu, Manka, na wewe ulikuwepo. Ulisimama mlangoni pa jiko ukamwona anavyojisugua mdomo kwenye nyasi, ukaniuliza, "Baba, anaumia?" Nikakwambia anacheza. Ulinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, nikakutuma maji.

Wala usidhani nilimchukia. Nilimjengea kibanda cha mbao na bati kando ya banda la ng'ombe, nikamtandikia majani makavu ya mgomba na kuyabadilisha kila yalipolowa. Jumamosi nilimletea mifupa ya bucha. Nilipowaogesha ng'ombe dawa ya kupe na yeye nilimwogesha. Kila mwaka bwana mifugo alipokuja kuchanja kichaa cha mbwa nilimpeleka mwenyewe, namshika kichwa kati ya magoti yangu, watu wamesimama mbali wananisifu. Nilijiona mfugaji mwema kuliko wote kitongojini, na kwa kipimo cha huku nilikuwa. Mnyororo wake ulikuwa mrefu kuliko wa mbwa wa mtu yeyote, na hilo pia nilijisifia.

Kisha nikaanguka kutoka kwenye mparachichi. Ulikuwa kidato cha pili. Nililala hospitali Moshi mguu umening'inizwa juu, na siku mama yako alipokuja kuniona nilimuuliza habari za ng'ombe, kahawa na wewe. Yeye ndiye aliyenikumbusha. "Na mbwa wako nani atamlisha? Nikikaribia anataka kunirarua." Nilikuwa nimemtengeneza mnyama asiyeweza kuishi bila mimi, na kumbe mimi naweza kuanguka kutoka kwenye mti siku yoyote. Akili hiyo ilinijia nikiwa kitandani, na kama ujuavyo akili zangu nyingi hunijia nikiwa siwezi kuzitumia.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama yako. Ulimtupia ugali kwa mbali siku za kwanza, akabweka mpaka sauti ikamkauka. Ndipo ukachukua kigoda ukakaa ukimpa mgongo, unasoma daftari lako la baiolojia kwa sauti, kila jioni unasogeza kigoda mbele kidogo. Mama yako alikuwa anachungulia dirishani na panga mkononi, anamwomba Mungu. Siku moja akaona pua ya mbwa imegusa sweta yako mgongoni, na wewe hukugeuka, ukaendelea kusoma habari za majani na mwanga wa jua. Aliniletea habari hiyo pamoja na uji. Nilicheka mbele ya wagonjwa wenzangu. Lakini alipoondoka niligeukia ukuta, kwa sababu nilikuwa nimekaa na mbwa yule miaka yote na hakuwahi kunigusa kwa hiari yake.

Niliporudi na magongo, ulimtoa kibandani ili anisalimie. Alikuwa hana mnyororo. Aliponiona akajikunja akaingia nyuma ya miguu yako. Iliniuma, mwanangu. Iliniuma mpaka nikakasirika, na mimi nikiumwa moyo hutafuta mtu wa kumgombeza. Nikasema umemharibu mbwa, nikaagiza afungwe siku ile ile. Ulimfunga wewe kwa mikono yako, kwa kuwa alikuruhusu wewe tu, na ulikuwa unalia. Nilikutumia wewe kumfunga rafiki yako. Mguu ulipona, lakini jioni ile bado nikiikumbuka nashindwa kula.

Hapo ndipo mabishano yetu yalipoanza, mabishano ambayo mama yako aliyaita kipindi cha bunge. Ulikuwa unasoma kwenye simu usiku na asubuhi unaniletea hoja pamoja na chai. Ukanieleza kwamba wako watu wanaosema mnyama ni wa mtu, ila mtu amtunze: ashibe, asiteswe, atibiwe akiugua, na akifa asife kwa maumivu. Wanauita ustawi. Na wako wanaosema mnyama si mali ya mtu hata kidogo, maisha yake ni yake, nasi hatuna ruhusa ya kumfuga kwa faida yetu hata tukimfuga vizuri namna gani. Hao wanasema habari za haki. Nikakuuliza, "Haki gani ya mbwa? Kadi ya kupigia kura anayo?" Mama yako alicheka. Wewe hukucheka.

"Baba, hata mfungwa hupewa chakula na dawa," ulisema.

"Kwa hiyo nimwachie aende msituni akale haki zake?"

"Sijasema umwachie. Nimesema usimfunge."

Niliona unacheza na maneno. Nikakuuliza kwa dharau, mbona wewe mwenyewe unakunywa maziwa ya ng'ombe ambaye tangu azaliwe hajatoka bandani, majani analetewa? Ukasema, "Hilo nalo linanisumbua, Baba. Ila sijui la kufanya." Mtu anayesema hajui la kufanya na hali anaweza kunyamaza ashinde, huyo ni mtu mkweli. Nilipaswa kukwambia vile. Badala yake nilisema, "Umeona?" nikaondoka kama niliyeshinda kesi.

Miaka ikapita hivyo. Ulimlisha wewe, nikamfunga mimi. Nilikufikiri mtoto tu aliyedekeza mbwa. Matokeo yako ya kidato cha sita yalipotoka, na nafasi ya chuo ikapatikana ya kusomea utabibu wa wanyama, nilikwenda kila nyumba kutangaza kwamba binti yangu atakuwa daktari wa ng'ombe. Ukanisahihisha mbele ya watu, "Na mbwa na paka, Baba," na wazee wakaguna. Jioni nikakuuliza nikupe zawadi gani. Nilitegemea useme simu. Ukasema, "Mfungue Watasema. Na usimfunge tena hata nikiondoka."

Nilimfungua siku ile, wewe ukiwa shahidi. Mnyororo nikaupeleka kwenye mlango wa banda la ng'ombe, ndiko ulipo mpaka leo. Ulikumbatia shingo yake, kisha ukaja ukanikumbatia mimi, nami nikajisikia mtu mkubwa.

Lakini unakumbuka alivyofanya? Hakutoka. Alizunguka palepale, kwenye ile duara ya udongo aliyoikanyaga miaka yote mpaka nyasi zikakataa kuota. Akifika mwisho wa mnyororo ambao haupo, anageuka. Ulikaa nje ya duara unamwita na kumwonyesha mfupa, naye analia na hatoki. Mimi niliingia ndani. Nilikwambia kuna kahawa ya kuchuma inaningoja, na haikuwa kweli, kwani hata kahawa yenyewe ilikuwa haijaiva. Nilishindwa kutazama kazi ya mikono yangu.

Alipotoka hatimaye, akatoka moja kwa moja. Akawa wa kijiji kizima. Alikufuata kanisani akalala mlangoni mpaka mchungaji akazoea kumruka. Alishuka barabarani akakaa mbele ya bucha, akapendwa na mwenye bucha. Watoto waliokuwa wanapita kwetu mbio wakaanza kumpandia mgongoni. Watu wakaniuliza kama ni mbwa yule yule. Nilikuwa najibu kwa kujigamba kwamba sisi kwetu mbwa ana haki zake, wakacheka, nami nikacheka nao.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipo, na nataka ulijue lilivyo, usilijue kwa namna ya kujibebesha.

Nilipomfungua mbwa, nilijifungua na mimi. Niliacha kumletea mifupa, nikasema anajitafutia. Kibanda kilivuja, nikasema halali humo siku hizi. Kupe walimjaa masikioni, ukawatoa wewe. Kila nilipokumbuka jambo la kumfanyia, nilijiambia si wangu tena, ana uhuru wake. Maneno yako mazuri niliyageuza yakawa ruhusa ya uvivu. Ulinifundisha kwamba mbwa hakuwa mali yangu, nami nikasikia kwamba mbwa hakuwa jukumu langu. Ulijua tofauti hiyo tangu siku ile ya chai. Mimi nimeijua leo, na imenigharimu mbwa.

Wiki uliyokuwa Moshi kwa shangazi yako ukishughulikia makaratasi ya chuo, mbwa mmoja alimng'ata mtoto huko bondeni, ikasemekana ana kichaa. Mtoto alichomwa sindano na yu mzima, ashukuriwe Mungu. Pikipiki yenye kipaza sauti ikapita ikitangaza. Kila mbwa achanjwe, avishwe utepe mwekundu shingoni, na kwa muda huo afungwe au azuiwe nyumbani. Atakayeonekana barabarani hana utepe atauawa. Nilisikia, Manka. Nilikuwa napogoa kahawa, nikasikia neno kwa neno.

Siku ya chanjo nilichukua kamba nikamwita. Alinitazama, akaitazama kamba, akajikunja kama siku ile ya magongo. Nikapiga hatua, akarudi nyuma. Nikachuchumaa, nikamwita kwa sauti yako, ile ya kubembeleza. Mzee mzima nachuchumaa kwenye migomba nabana sauti! Akakimbia akaingia kwenye kahawa. Mama Elisante alikuwa anapita akielekea kwenye chanjo na mbwa wake, akaniuliza, "Vipi, huleti wako?" Nikaona aibu kusema kwamba mbwa wangu ananiogopa. Nikamjibu, "Wangu nimeahidi sitamfunga." Akasema, "Lakini chanjo si kufunga, baba Manka." Nikamwambia aende na yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Ningekupigia simu ukapanda juu siku ile ile, ungemleta mwenyewe bila kamba. Ningemwomba bwana mifugo aje nyumbani baadaye. Uliporudi uliniuliza kama amechanjwa. Nikasema, "Tayari." Ukauliza utepe uko wapi, nikasema ameukata kwa meno. Ukaamini, kwa kuwa ni baba yako aliyesema. Sikutaka ujue kwamba bado ananikimbia. Nilitaka uondoke ukidhani tumepatana, mimi na yeye, na kwamba unamwacha mahali salama.

Leo walipita. Siwataji, ni watu wa hapa hapa waliotumwa kazi ambayo mimi na wenzangu tuliifanya iwe lazima kwa uzembe wetu. Mama Elisante alinipigia simu kutoka barabarani: "Baba Manka, wahi, yuko mbele ya bucha na wanawatupia mbwa nyama." Nikakimbia kwa mguu huu, nikaanguka kwenye mfereji, nikainuka. Nilipofika mwenye bucha alikuwa amesimama ameshika kichwa. Alisema amewaambia huyu ni mbwa wa watu, mpole, anajulikana. Wakamuuliza utepe wake uko wapi.

Watasema mwenyewe hakuwepo pale. Alikuwa amepanda nyumbani kwa njia ya mkato, ile inayopita nyuma ya kisima, ndiyo maana tulipishana. Nilimkuta ndani ya duara yake. Kijiji chote kilikuwa chake, na alipoumwa alirudi mahali nilipomfunga. Sijui kwa nini. Labda hakujua kwingine kwa kwenda kuugua. Nilitamani angalau angekwenda kulala mlangoni pa chumba chako.

Nilikamua maziwa kwa haraka, maana wazee husema maziwa hukata sumu. Niliingia ndani ya duara nikitarajia anikimbie, hata nilitaka anikimbie, ningejua ana nguvu bado. Hakukimbia. Alikunywa kidogo kutoka kwenye kiganja changu, akaweka kichwa juu ya gambuti langu. Nikamshika masikio. Ni mororo, kumbe. Miaka yote hiyo sikuwa najua. Nilimwambia pole kwa Kichagga na kwa Kiswahili, nikamwita jina lake lile la ugomvi kwa kuwa halikuwepo jingine, na mama yako akaja akapiga magoti upande wa pili. Mbwa alitetemeka sana. Sitakueleza zaidi ya hapo, ila ujue hakuwa peke yake.

Nimelia. Mama yako atakuambia, kwa hiyo bora nikwambie mwenyewe. Nililia kwa sauti, na ng'ombe wakageuka kunitazama.

Najua utakachofikiri, kwa sababu nakujua. Utafikiri, kama nisingemwambia Baba amfungue, Watasema angekuwa hai. Ni kweli angekuwa hai, ndani ya duara. Nakuomba usiibebe hiyo kwenda nayo Morogoro. Wazo lako lilikuwa zima. Ni mimi niliyelichukua nusu. Kwanza nilimpa matunzo bila kumpa maisha yake, halafu nikampa maisha yake nikamnyima matunzo, na mara zote mbili nilijiona mwema.

Huko uendako watakuja kwako watu na wanyama wao. Watakuja wanaopenda kwa mnyororo, mbwa amenona, manyoya yanang'aa, na hajawahi kunusa njia. Watakuja na wanaosema wanapenda uhuru wa paka wao, na paka hajaona chanjo tangu azaliwe. Utatamani kuwafokea. Mimi nimekuwa wote wawili katika nyumba moja, na mbwa huyo huyo mmoja. Hakuna aliyenifokea akanibadilisha, ila mtoto mmoja aliyekaa kwenye kigoda akageuza mgongo akasoma. Sikupi fundisho hapo. Nakukumbusha tu ulichokwisha kufanya ukiwa na miaka michache kuliko hekima yako.

Na kuhusu ng'ombe: swali lako lile bado lipo, nami sina jibu. Kila asubuhi nitampelekea majani na kukamua, na nitakuwa najua kwamba sina jibu. Zamani nilikuwa sijui hata kwamba kuna swali. Mama yako anasema nikianza kuwaza hivi tutakufa njaa, na huenda anasema kweli.

Barua hii nilikusudia kuitia ndani ya begi, katikati ya nguo, uisome ukishapita Same, mahali nisipoweza kuuona uso wako. Nilikuwa nimekwisha kuikunja. Halafu nikaona kwamba ndivyo nilivyokwenda siku zote, nakata shauri juu ya wengine kwa faida yao, wao wakiwa hawapo. Nilitaka kukulinda usilie siku ya safari. Nani aliniambia machozi yako ni yangu kuyapangia siku?

Nimewaza pia kukuletea isale. Unajua kwetu mtu aliyekosa akija na jani lile mkononi hakataliwi, hata awe amekosa nini. Nilikwenda mpaka mpakani nikalishika jani. Nikaliacha. Ukiletewa isale huna budi kusamehe, na mimi nataka uwe na haki ya kunikatalia. Kama hasira yako itachukua mwaka, ichukue. Upige simu kwa mama yako, mimi nitauliza habari zako kwake, na nitangoja.

Huku kwetu mbwa akifa hutupwa korongoni. Watasema nimemchimbia shimo ndani ya kihamba, shamba letu la nyumbani, karibu na makaburi ya bibi na babu yako, na baba yako mdogo alipopita akaniona na jembe alivua koti akanisaidia. Tumemlaza ubavu, kama alivyopenda kulala mlangoni pa kanisa. Nimemfunika kwa majani ya mgomba tu. Udongo sijaurudisha. Niliinua chepe mara kadhaa nikashindwa, kwa kuwa hapa petu hatumfukii aliyekufa mpaka walio wake wametupa udongo kwanza, na wa kwake ni wewe.

Nitakuamsha mapema kuliko alivyokuambia mama yako, nikupe karatasi hizi mkononi, nikae hapo mpaka umalize kuzisoma. Chepe liko mlangoni. Ukitaka nishike taa nitashika, na ukitaka kwenda peke yako, nitabaki jikoni na mama yako.

Mimi baba yako.